Ua la Kidole Gumba

Joto likianza tu, kabla watu hawajapata hata muda wa kulilalamikia, Mama Fupi alikuwa amekwisha kutoa kibao chake kipya. Kilikuwa kipande cha mbao kilichopigwa msasa hadi kikateleza, na juu yake zimebandikwa kucha kumi za plastiki. Kucha hizo dukani huja ndefu, zimechongoka. Yeye alizikata zote, akazipitisha tupa pembeni na katikati hadi zikawa fupi, za mviringo, zisizozidi ncha ya kidole. Kisha alipaka kila moja mtindo wake wa msimu, akakiegemeza kibao dirishani, na wateja wakaja kuchagua.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya kucha, maana yeye mwenyewe alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni. Fundi wa nguo, ambaye walipanga pamoja chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, alikuwa akisema kwamba aliyempa jina lile lazima alimkuta ameketi. Mama Fupi alicheka kila mara, ingawa mzaha wenyewe ulikuwa umezeeka kuliko pazia.

Mtu akitaka kucha za bandia, zile ndefu za kufungulia soda, hakugombana naye. Alimwonyesha saluni ya ng'ambo ya barabara, akarudi kitini kwake. Wateja wake walikuwa washonaji, walimu, wapiga chapa, kina mama wenye watoto wachanga, watu ambao mikono yao ina kazi. Aliwaambia joto halitaki mambo mengi. Rangi ipakwe nyembamba, mara mbili, kwa sababu ikiwa nzito hutoa mapovu. Pembeni iachwe nafasi ya unywele mmoja kila upande, na ukucha mfupi utaonekana mrefu bila kuongezewa kitu. Mwaka huu kibaoni kulikuwa na rangi ya maziwa yenye uzi mweupe ukingoni, manjano ya ndimu iliyoiva na nukta moja tu shinani, samawati iliyoachiwa nusu mwezi mtupu, kijani hafifu, pichi isiyong'aa, na nyingine za namna hiyo. Yeye mwenyewe alipaka rangi moja miaka yote, nyekundu iliyokolea kuelekea weusi, matabaka matatu, liwe joto lisiwe joto. Wateja walimtania kwamba mganga hajigangi.

Kulikuwa na sharti moja pale kwake. Rangi ya zamani ikishafutwa, mteja aliweka mikono yote miwili juu ya taulo jeupe karibu na dirisha, akakaa hivyo, kucha tupu, mpaka Mama Fupi aridhike. Akiulizwa sababu, alisema kucha zinapumua. Binti yake, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa wa marehemu mdogo wake, alikuwa amesomea urembo chuoni mwaka mzima, na sasa walifanya kazi pamoja. Taulo lile lilimchosha.

"Kucha hazina mapafu, mama mkubwa," alikuwa akisema, na wateja wakacheka.

Mama Fupi hakuwahi kuucheka mzaha huo. Binti alidhani ni ukali wa uzee tu.

Ukutani, juu ya sinki, kulikuwa na picha sita katika fremu za mbao. Zote zilionyesha mkono mmoja, wa kulia, umelazwa juu ya taulo. Ulikuwa mkono wa mdogo wake. Enzi hizo, kabla ya kibao, Mama Fupi alijaribia mitindo ya msimu wa joto kwenye vidole vya mdogo wake, akaupiga picha mkono, akaandika mwezi na mwaka pembeni, akautundika. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na vile vilikuwa vyanda vyema hasa, vilivyonyooka, na kucha zake fupi zilikuwa na mviringo wa kuzaliwa nao, hata tupa haikuwa na kazi kubwa.

Kuanzia picha ya tatu, kidole gumba kilikuwa na ua. Bua jembamba la rangi ya kahawa lilitoka shinani mwa ukucha likapanda wima, na kwenye ncha likachanua petali tano nyeupe. Ua lile ndilo lililomtoa Mama Fupi. Msimu ule watu walipanga foleni hadi upande wa fundi wa nguo, kila mmoja anataka ua la kidole gumba. Baada ya picha ya sita hakukuwa na nyingine, kwa sababu mwenye mkono alifariki, akaacha mtoto wa miaka minne. Tangu hapo Mama Fupi hakulichora tena ua lile. Akiombwa, alisema mkono umesahau, na watu walinyamaza kwa heshima ya msiba. Ulikuwa msiba kweli, lakini haukuwa msiba peke yake.

Mtoto aliambiwa kwamba mama yake aliugua mapafu. Hilo nalo lilikuwa kweli, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa ulikoishia. Ulikoanzia hakuambiwa. Mama Fupi hakuolewa, hakuzaa, ndugu wengine hakuwa nao. Alikuwa na binti huyo basi, na alikuwa na siri hiyo, na kwa miaka kumi na saba aliamini kwamba siku siri itakapotoka, binti naye atatoka.

Siku yenyewe alikuwa amekwenda duka la jumla kununua asetoni ya kufutia rangi. Aliporudi, jasho linamtiririka na chupa zinagongana mfukoni, alimkuta binti anakausha brashi huku uso unang'aa.

"Nimekuletea zawadi, mama mkubwa. Angalia."

Akanyoosha mkono. Kwenye kidole gumba chake kulikuwa na bua la kahawa na petali tano nyeupe. Alikuwa amenakili kutoka kwenye picha ya tatu, mstari kwa mstari, na kwa kweli alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa mama yake mkubwa. Akaonyesha na kibao, ambako ukucha wa kwanza, uliokuwa wa maziwa, sasa ulikuwa na ua. Akasema amechoka kuona kitu kizuri cha mama yake kinakaa ukutani kama cheti. Akasema mwalimu wa chekechea wa mtaa wa pili alikuja, akaipenda ile picha, na ametoka sasa hivi na ua lake kidoleni.

Mama Fupi aliweka chupa chini, moja moja.

"Alikaa kwenye taulo?"

"Alikuwa na haraka, watoto walikuwa wanamsubiri. Nilifuta, nikapaka."

"Ulimwangalia kucha zilipokuwa tupu?"

"Nimwangalie nini?"

Mama Fupi alichukua chupa moja ya asetoni na pamba, akainama mlangoni, akatoka. Fundi wa nguo alichungulia kwenye pazia, akamuuliza binti kuna nini. Binti akafunga mlango, akamkimbilia mama yake mkubwa.

Mtaa wa pili haukuwa mbali, lakini jua lilikuwa la utosi na Mama Fupi alikuwa na miaka hamsini na minane. Alifika chekechea anahema. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya watoto thelathini walioketi kwenye mikeka, anawafundisha kuhesabu kwa vidole, na kidole cha kwanza kilichokuwa juu ni gumba lenye ua. Mama Fupi alimwomba radhi. Akamwambia kuna kosa limefanyika, lazima afute. Mwalimu akasema hakuna kosa, limependeza mno, hata watoto wamelipenda. Mama Fupi akamshika mkono kwa upole lakini bila kuuachia, akalowesha pamba, akafuta ua mbele ya watoto wote. Mmoja akaanza kulia kwamba bibi ameua ua la mwalimu.

Kisha akaupeleka mkono ule dirishani. Aliutazama ukucha mtupu kwa muda mrefu, akausogeza karibu na macho, akabonyeza kidogo ngozi ya shinani. Akafuta na vingine, akavitazama vyote kumi. Vitatu vilikuwa na mistari hafifu ya weusi, myembamba kama uzi, inayofanana, ile ambayo wengi wetu wenye ngozi nyeusi tunayo na wala haitudhuru. Gumba lilikuwa safi.

"Hii unayo tangu zamani?" aliuliza.

"Tangu msichana," mwalimu alisema. "Hata mama yangu anayo."

Mama Fupi akauachia mkono. Akasema vizuri, asante, uje wakati wowote nikupake bure. Mwalimu alibaki anamtazama kama mtu aliyepandwa na homa. Na binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na kuona yote, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walirudi wakifuatana. Walipoingia ndani binti alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameaibishwa mbele ya watoto wadogo, na kwamba leo ataambiwa kuna nini kwenye ua hilo, au asiambiwe kitu kingine tena maisha yake yote. Mama Fupi akaketi. Alijua muda umefika, akapiga moyo konde. Lakini moyo wa mtu mwoga hata ukipigwa konde hutoa nusu tu ya kilichomo.

Akamweleza kwamba chini ya ua lile kulikuwa na mstari. Mstari mmoja, mweusi, kwenye kidole kimoja. Mwanzoni ulikuwa mwembamba, kisha ukapanuka mwaka hadi mwaka, na bua la ua likanenepeshwa ili liufunike. Mwishoni weusi ulivuka ukucha ukaingia kwenye ngozi ya shinani. Walipokwenda hospitali waliambiwa ni saratani, imeanzia chini ya ukucha, imekwisha kusafiri. Mapafu yalikuja baadaye.

"Hatukujua, mwanangu," alisema. "Tulidhani ni mistari ya kawaida. Ndiyo maana ya taulo. Naangalia, basi. Kila anayekuja, naangalia."

Binti alisikiliza amesimama. Hakulia. Alipanda kwenye kigoda, akazitoa picha zote sita ukutani, akazifunga kwenye khanga yake. Akatoka nazo.

Siku nne hakurudi. Alituma ujumbe mmoja kwamba yuko kwa rafiki yake wa chuoni, asitafutwe. Mama Fupi alifungua kazi kila asubuhi kama kawaida, akafuta, akaangalia, akapaka. Msimu ulikuwa umechanganya na wateja walikuwa wengi. Walipouliza picha ziko wapi, alisema zimepelekwa kusafishwa. Ukutani zilibaki alama sita zilizokolea ambako rangi haikupauka, na yeye aliketi akizipa kisogo. Ua la kibaoni alilifuta siku ileile, lakini hakupaka kitu kingine mahali pake. Ukucha wa kwanza ulibaki mtupu. Fundi wa nguo hakutania hata mara moja siku hizo nne, na mtu aliyemfahamu angejua kutokana na hilo tu kwamba mambo ni mazito.

Ni rahisi kumhukumu mwanamke huyu, na mimi ninayesimulia nimemhukumu mara nyingi. Alimpenda mdogo wake kuliko alivyojipenda. Alimlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha kwa mikono hiyohiyo. Na mikono hiyohiyo ilikuwa imezoea kuona dosari juu ya ukucha na kuitafutia rangi. Ukucha ukipasuka, kuna rangi. Ukiwa na doa, kuna rangi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na aliijua vizuri kupita kiasi.

Siku ya tano asubuhi, kabla Mama Fupi hajamwaga maji ya kwanza kwenye beseni, binti aliingia. Alisalimia, "Shikamoo," akaitikiwa, basi. Akatandika taulo jeupe dirishani, akazipanga picha tatu za kwanza juu yake kwa mfuatano wa miaka. Ua lilikuwa bado kwenye kidole chake, limebanduka kidogo ukingoni.

"Nimezitazama siku nne," alisema. "Hii ya kwanza, kidole gumba kisafi. Hii ya pili umempaka rangi ya maji, na mstari unaonekana chini yake. Hii ya tatu ni ua. Kwa hiyo mliuona."

"Tuliuona."

"Uliniambia hamkujua."

"Hatukujua ni nini."

Binti akaweka kidole juu ya picha ya tatu.

"Nani alisema uchorwe ua?"

Cherehani ya upande wa pili ilinyamaza. Mama Fupi aliitazama mikono yake mikubwa yenye kucha zilizokolea wekundu. Jibu la kumwokoa lilikuwepo, fupi, tena tamu. Angesema ni mama yako, alipenda maua. Nani angebisha? Aliyekuwepo siku ile alikuwa kaburini, na wafu hawana ubishi. Binti angelia, wangelia pamoja, na jioni picha zingerudi ukutani. Alilitamani jibu hilo kiasi kwamba mdomo ulianza kulitamka.

"Mama yako," alisema, akaanza upya. "Mama yako alitaka kwenda kuonyesha hospitali. Alisema, dada, huu mstari haukuwepo, na ni kidole kimoja tu. Mimi nikamwambia aache woga, sisi watu weusi tunayo hiyo. Alisema tena wiki iliyofuata. Nikamwambia, lete kidole, nitakuchorea kitu mpaka uusahau huo mstari. Ni mimi niliyesema. Yeye alikubali kwa sababu mimi ni mkubwa wake."

"Na lipo jingine," Mama Fupi aliendelea, kwa sababu sasa kusimama katikati kulikuwa kugumu kuliko kumaliza. "Tulipofika hospitali, baada ya miaka minne, daktari aliuliza mstari ulianza lini. Mimi nilijua mpaka mwezi. Nilikuwa na picha, zina tarehe. Nikasema hatukumbuki. Mama yako akanitazama. Naye alikuwa anajua, picha zilikuwa za mkono wake. Akamgeukia daktari, akasema ni kweli, hatukumbuki."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa hakuficha kitu. Alificha dada, na mgonjwa akamfichia dada, akafa na siri isiyo yake.

Nje mtu aliburuta mkokoteni, na harufu ya lami iliyopata moto iliingia dirishani. Binti alisimama, akaenda kwenye rafu, akalowesha pamba. Alilifuta ua la kidole chake mwenyewe, polepole, petali kisha bua, mpaka pamba ikawa ya kahawa. Akakiweka kidole juu ya taulo, pembeni ya picha za mama yake.

"Angalia."

Mama Fupi aliangalia. Machozi yalimzuia, akayapangusa kwa kiwiko, akaangalia tena.

"Safi," alisema. "Safi kabisa, mwanangu."

"Sijakusamehe, mama mkubwa."

"Najua."

"Sijui kama nitaweza. Sitaki uniulize."

"Sitakuuliza."

Binti akavuta kigoda, akaketi upande ambao siku zote huketi mpaka rangi, na Mama Fupi akajikuta yuko upande wa mteja, mahali ambapo hakuwahi kuketi hata siku moja tangu chumba kile kifunguliwe. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi mwanga wa dirisha ulivyompiga mtu machoni pale.

"Wewe anakuangalia nani?" binti aliuliza.

Mama Fupi hakuelewa. Kisha akaelewa, akakunja vidole vyake ndani ya viganja. Miaka kumi na saba alikuwa ameangalia kucha za mtaa mzima. Zake alizifuta na kuzipaka akiwa ametazama kando, rangi ile nzito, matabaka matatu. Akasema hapana, hakuna haja, kuna wateja wanakuja.

"Lete mkono."

Akautoa. Binti alilowesha pamba nyingine na kuanza kufuta. Wekundu ule ulikataa kutoka mara ya kwanza na ya pili, akaubana kwa kidole na kungoja, akafuta tena. Ukucha ulipotokea ulikuwa wa manjano kwa kukaa chini ya rangi, una mikunjo ya uzee, ni wa mtu aliyefanya kazi. Binti aliupindisha kwenye mwanga, akausogeza karibu na macho, akabonyeza ngozi ya shinani kama alivyoona ikifanywa kule chekechea.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea, amesimama kizingitini na mkoba wake, anatabasamu kwa wasiwasi. Akasema watoto hawamwachi, kila asubuhi wanauliza ua limekwenda wapi, kwa hiyo amekuja lirudishwe.

"Ua halichorwi tena hapa, mwalimu," binti alisema bila kuinua kichwa. "Chagua lingine kwenye kibao. Lakini kwanza kaa, uweke mikono kwenye taulo. Nitakuangalia nikimaliza na mama."

Alisema mama, hakuongeza mkubwa. Mwalimu akaketi kusubiri. Upande wa pili wa pazia cherehani ikaanza tena, na binti akahamia kidole cha pili.